Ukumbusho wa Umma wa Watoto na Familia Zilizoangamizwa na Mauaji ya Kimbari

Maana na mipaka

Ukumbusho wa umma unaoelezwa hapa ni mahali, jengo, alama au siku iliyotengwa na jamii nzima, si na wafiwa peke yao, kwa ajili ya watoto na familia waliouawa kwa sababu tu ya kuzaliwa katika kundi fulani. Mambo matatu lazima yakutane. Kwanza, mwenye ukumbusho ni umma: serikali, halmashauri, jumuiya ya walionusurika, au taasisi inayofanya kazi kwa niaba ya wote. Pili, wanaokumbukwa ni raia wasio na silaha, na miongoni mwao watoto huhesabiwa kwa nafasi yao wenyewe, si kama nyongeza ya wazazi. Tatu, kifo chao kilikusudiwa na kupangwa. Likikosekana moja kati ya hayo, kilichopo ni kitu kingine, hata kama sura yake inafanana.

Sababu ya kifo hupimwa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa 9 Desemba 1948 na kuanza kutumika 12 Januari 1951. Unataja makundi manne, yaani ya taifa, kabila, mbari na dini, na vitendo vitano vinavyokuwa kosa hilo vikifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Viwili kati ya vitano hivyo vinaigusa familia moja kwa moja: kuchukua hatua za kuzuia kundi lisizae, na kuwahamisha watoto wake kwa nguvu kwenda kundi jingine. Mtoto yumo, basi, ndani ya fasili yenyewe. Anayekusudia kulimaliza kundi hawaachi watoto, maana yeye anawatazama kama watu wazima wa kesho, na ukumbusho unaowanyamazia watoto unakuwa umeeleza nusu tu ya kosa.

Vitu vingine hukaribiana na ukumbusho huu na mara nyingi huchanganywa nao. Kaburi ni la maiti na wenye maiti yao. Makumbusho ni nyumba ya vitu na maelezo. Huweza kuwa sehemu ya ukumbusho, lakini yapo makumbusho mengi yasiyomkumbuka mfu yeyote. Mnara wa mashujaa humsifu mtu kwa alilolitenda, ilhali mtoto wa miaka miwili hana alilotenda, wala hahitaji kuwa nalo ndipo akumbukwe. Halafu upo ukumbusho wa maafa. Mkoa wa Kaskazini Unguja, ambao makao makuu yake ni Mkokotoni, unaifahamu aina hii kwa uchungu. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na zipo nyumba zilizopoteza mama na watoto kwa pamoja. Ulikuwa msiba wa taifa, na tume iliundwa kuuchunguza. Hata hivyo bahari haikumchagua mtu kwa kabila lake, na hapo ndipo mpaka ulipo.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote inahusu mfiwa. Kwa desturi ya Unguja, kumkumbuka marehemu ni kazi ya aila yake. Watu hukaa tanga, husoma hitma, wanaofuata arubaini huifanya, na kaburi huachwa bila mapambo, likiwa na mashahidi tu kichwani na miguuni. Yote hayo yanahitaji awepo mtu wa kuyafanya: wa kutoa jina la marehemu kwenye dua, wa kujua kaburi ni lipi, wa kukumbuka kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto wanne na si watatu. Mauaji ya kimbari yanaponyakua nyumba nzima, hayaachi wafu peke yake. Yanaacha wafu wasio na mfiwa. Sheria ya mirathi ya Kiislamu ina jibu kwa mali ya aliyekufa bila mrithi: huenda Baitulmali, ikawa ya Waislamu wote, na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayoshughulikia mambo ya namna hiyo. Ukumbusho wa umma hufanya kazi hiyohiyo kwa kumbukumbu. Jina lisilo na mrithi linakuwa amana ya watu wote, na uzito wa kila sehemu ya ukumbusho, kuanzia ukuta hadi picha, hupimwa kwa jinsi inavyoitunza amana hiyo.

Aina

Mfano ulio karibu na kamili zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni Rwanda. Jioni ya 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, akitoka kwenye mkutano wa viongozi wa kanda uliofanyika Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na kuanzia usiku huo hadi mwezi Julai Watutsi waliuawa nchi nzima pamoja na Wahutu waliopinga mauaji. Hesabu iliyofanywa na serikali ya Rwanda na kutangazwa baadaye ilifikia watu 1,074,017. Jumuiya ya GAERG, iliyoundwa na wahitimu walionusurika, ilipita kijiji kwa kijiji kutafuta nyumba ambazo hakubaki mtu, si mzazi wala mtoto. Iliorodhesha familia 15,593 za namna hiyo, zilizokuwa na watu 68,871. Wanyarwanda huziita familia zilizozimika, na hufanya usiku maalumu wa kuzikumbuka ambapo vijana waliokua bila wazazi hukaa matanga ya watu wasiowajua. Kazi hiyo ya kuorodhesha ni ngumu kuliko kujenga mnara, kwa sababu taarifa hupatikana kwa majirani tu, na miongoni mwa majirani wamo waliohusika.

Aina ya kwanza ni ukumbusho wa mahali pa mauaji, ambapo jengo la tukio huhifadhiwa lilivyo. Rwanda imeshikilia sana aina hii kwa sababu watu walikimbilia makanisani na mashuleni, mahali palipokuwa pamewaokoa katika machafuko ya miaka ya nyuma. Kanisa la Ntarama, kusini mwa Kigali, lilishambuliwa 15 Aprili 1994. Kubwa lake si jengo bali vilivyobaki ndani: magodoro, sufuria, vikombe, madaftari ya shule, vitu ambavyo mama mwenye watoto huvibeba anapodhani atalala nje siku mbili tatu. Nyuma ya kanisa kipo chumba kidogo kilichokuwa cha mafundisho ya watoto ya Jumapili, na ukuta wake mmoja huonyeshwa kwa wageni kama mahali ambapo watoto wadogo walipigizwa hadi kufa. Hakuna sanamu iliyowekwa pale, na haihitajiki. Kanisa la Nyamata, katika wilaya hiyohiyo ya Bugesera, limejaa nguo za waliouawa zilizorundikwa juu ya mabenchi, za watu wazima na za watoto pamoja, na bati la paa bado lina matundu. Murambi, kusini mwa nchi, palikuwa shule ya ufundi iliyokuwa haijamalizika kujengwa. Maelfu walikusanywa hapo kwa ahadi ya ulinzi na kuuawa 21 Aprili. Baadhi ya miili iliyofukuliwa ilihifadhiwa kwa chokaa na kulazwa madarasani, ikiwemo ya watoto wachanga.

Aina ya pili ni ukumbusho wa maziko, unaojengwa mahali miili ilipokusanywa, si lazima ilipouawa. Ukumbusho wa Gisozi mjini Kigali ndio mkubwa kuliko yote ya namna hii. Ulifunguliwa mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji, kwa ushirikiano wa Jiji la Kigali na shirika la Aegis Trust la Uingereza, na makaburi yake ya pamoja yana watu zaidi ya 250,000. Lakini ukumbusho wa aina hii unaowahusu zaidi watu wa pwani na wa maziwa uko Uganda. Mito ya Nyabarongo na Akagera iliibeba miili kutoka Rwanda, ikapita maporomoko ya Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania, ikaishia Ziwa Viktoria. Njia hiyo ilikuwa imetajwa mapema: katika hotuba ya 22 Novemba 1992 huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alisema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Mwezi Mei 1994 wavuvi wa upande wa Uganda walianza kuokota maiti, wengine wakiwa wamefungwa pamoja, na biashara ya samaki ikasimama kwa kuwa hakuna aliyetaka kula cha ziwa lile. Miili zaidi ya 10,000 ilizikwa na wanavijiji na wavuvi wenyewe, na baadaye ikakusanywa katika maeneo matatu: Kasensero, Lambu na Ggolo. Hapana jina hata moja linalojulikana katika makaburi hayo. Walioweka ukumbusho ni wageni kwa maiti, nao walifanya kazi ya aila bila kuombwa na mtu; wavuvi wa Mkokotoni, wanaojua maana ya kumtoa mtu majini, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Aina ya tatu ni ukumbusho wa hesabu, ambapo kila aliyekufa hupewa alama yake. Huko Nyanza, Kicukiro, nje kidogo ya katikati ya Kigali, msanii Bruce Clarke alibuni bustani ambamo jiwe moja huwekwa kwa mtu mmoja, na walionusurika wamekuwa wakileta mawe hayo tangu mwaka 2000. Mahali penyewe pana historia yake: watu waliojificha katika shule ya ufundi ya ETO waliachwa na askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa 11 Aprili 1994, wakaswagwa hadi Nyanza na kuuawa. Nje ya Afrika, ukumbusho wa watoto wa Yad Vashem mjini Jerusalem, uliobuniwa na Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 1987, umechimbwa ardhini. Mishumaa michache huakisiwa na vioo ikaonekana kama nyota zisizo na mwisho, huku sauti ikisoma majina, umri na nchi za watoto Wayahudi waliouawa na Wanazi, ambao idadi yao ilifikia takriban milioni moja na nusu. Katika kijiji cha Lidice, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, mchongaji Marie Uchytilová alitengeneza sanamu za watoto 82 wa kijiji hicho, mmoja mmoja, wasichana 42 na wavulana 40, wakiwa wamesimama pamoja kama darasa. Mauaji ya Lidice yalikuwa ya kulipiza kisasi na wanasheria huyaweka kando ya mauaji ya kimbari. Ukumbusho wake unatajwa hapa kwa namna ulivyokataa kuwajumlisha watoto.

Aina ya nne ni ya waliokataa kutenganishwa. Usiku wa 18 Machi 1997 wavamizi waliingia shule ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajigawe Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walijibu kuwa wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa. Mwezi uliofuata, 30 Aprili 1997, wanafunzi 40 wa seminari ndogo ya Buta nchini Burundi waliuawa kwa kukataa jambo lilelile, na makaburi yao yamekuwa mahali pa hija. Hapa ukumbusho wa watoto na mnara wa mashujaa hukutana, na ni sehemu pekee ambapo mpaka uliowekwa mwanzoni hauna budi kulegezwa.

Burundi inastahili kutajwa pia kwa ukumbusho uliochelewa. Mwaka 1972 Wahutu wengi, wakiwemo wanafunzi wa sekondari na vyuo waliochukuliwa madarasani, waliuawa na dola. Maelfu ya familia zilikimbilia Tanzania, zikapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na wengi wao wakapata uraia mwaka 2014. Kwa miongo minne na ushee kumbukumbu ya waliouawa ilikaa katika makambi na makazi hayo, midomoni mwa wazee. Ufukuaji mkubwa wa makaburi ya halaiki ulifanywa na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi mwanzoni mwa 2020, kando ya mto Ruvubu, na Desemba 2021 tume hiyo ikatangaza kuwa yaliyotokea yalikuwa mauaji ya kimbari. Wakati huohuo, huko Kibimba upo tangu zamani ukumbusho wa wanafunzi Watutsi waliochomwa moto Oktoba 1993. Nchi moja, basi, ina kumbukumbu mbili, na kila moja ina watoto wake.

Sehemu

Sehemu za lazima ni chache: alama ya mahali, orodha au idadi, na njia ya kuingilia umma. Nyingine huongezwa kulingana na uwezo, nazo ni kaburi la pamoja, chumba cha vitu, chumba cha picha, moto au taa, bustani, na hifadhi ya nyaraka. Huko Bisesero, kwenye vilima vya magharibi mwa Rwanda ambako Watutsi walijitetea kwa mawe na mikuki, mpangilio wenyewe ni sehemu: mikuki tisa langoni na majengo madogo tisa yanayopanda mlima, moja kwa kila wilaya ya mkoa wa zamani wa Kibuye.

Chumba cha picha kinahitaji maelezo marefu kuliko vingine, kwa kuwa ndicho kinachomrudisha mtoto kutoka kwenye idadi. Sehemu ya watoto ya Gisozi iko ghorofani, baada ya historia na takwimu. Picha ni kubwa, nyingi zikiwa zimetolewa na jamaa waliobaki, na nyingine ndiyo picha pekee iliyosalia ya mtoto huyo. Chini ya kila picha kuna kibao chenye mistari michache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake, kisha namna alivyouawa. Kibao kimoja ni cha mvulana wa miaka kumi. Alipenda mpira wa miguu, alipenda kuwachekesha watu, alitaka kuwa daktari, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kutumaini kwamba askari wa Umoja wa Mataifa watakuja kuwachukua. Kibao hakina sifa wala maombolezo. Ubora wake uko katika kuchagua mambo ambayo ndugu tu huyajua, kama vile mtoto alipenda wali au chipsi, na kuyakabidhi kwa watu wasiomjua. Sehemu nyingine zote za ukumbusho huweza kutengenezwa na mafundi. Hii hutengenezwa na jamaa, na pasipo na jamaa haiwezekani kabisa. Ndiyo sababu familia zilizozimika hazimo katika chumba hicho kwa wingi unaolingana na idadi yao.

Kuonyesha mabaki ya miili ni jambo lenye mabishano. Wanaoitetea desturi hiyo husema mifupa ni ushahidi dhidi ya wanaokana kwamba mauaji yalitokea, na kwamba kuizika kungewarahisishia kazi. Wanaoipinga, wakiwemo baadhi ya walionusurika, husema maiti ina haki ya kufunikwa. Kwa Mwislamu wa Unguja, ambaye amefundishwa kuharakisha maziko na kuheshimu mfupa wa maiti kama wa aliye hai, hoja ya pili haina mjadala. Nguo, madaftari na picha hutoa ushahidi uleule bila kuvunja haki hiyo, na maeneo kadhaa ya Rwanda yamepunguza maonyesho ya mifupa na kuyaweka katika hali ya staha zaidi.

Siku

Ukumbusho usio na siku huwa jengo tu. Siku ya 7 Aprili huanza wiki ya maombolezo Rwanda na kipindi cha siku mia kinachoitwa Kwibuka, na Umoja wa Mataifa huiadhimisha kama siku ya kimataifa ya kutafakari mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa Mzanzibari tarehe hiyo tayari ina maana nyingine: ni Karume Dei, siku aliyouawa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972, na kila mwaka husomwa hitma Kisiwandui mbele ya viongozi na wananchi. Hitma hiyo inathibitisha jambo ambalo watu wa visiwani huweza kulitilia shaka, kwamba kisomo, ambacho asili yake ni cha nyumbani, kinaweza kuwa ibada ya umma bila kupoteza heshima yake. Desemba 9, siku ulipopitishwa Mkataba wa 1948, ni siku ya kimataifa ya wahanga wa mauaji ya kimbari kote duniani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeweka 2 Agosti kwa wahanga wake, tarehe vilipoanza vita vya 1998.

Matumizi

Matumizi ya kwanza ni maziko ya heshima, na kwa walionusurika ndiyo yanayotangulia yote. Miili bado hugunduliwa Rwanda wakati wa kulima au kuchimba misingi ya nyumba, na kila Aprili huzikwa mingine.

Matumizi ya pili ni ushahidi, na hapa Tanzania imo kwa kina. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama 8 Novemba 1994, ilikaa Arusha. Hukumu yake ya 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilikuwa ya kwanza duniani kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ilitambua kuwa ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda kosa hilo. Wataalamu waliofukua kaburi la halaiki kwenye kanisa la Kibuye mwaka 1996 walikuta mamia ya miili, sehemu kubwa wanawake na watoto, na jambo hilo lilivunja dai kwamba waliokufa walikuwa wapiganaji. Mahakama ilifungwa 31 Desemba 2015. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje ya mji wa Arusha. Hifadhi hiyo haina bustani wala moto, lakini kwa wingi wa shuhuda za watu walioona watoto wao wakiuawa ni ukumbusho kamili kuliko minara mingi.

Matumizi ya tatu ni kufundisha, hasa waliozaliwa baadaye, na ya nne ni kuwakutanisha walionusurika. Haya yanajulikana na hayahitaji kurefushwa. La kuongeza ni kwamba 20 Septemba 2023 maeneo manne, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hivyo utunzaji wake sasa ni wajibu unaokaguliwa.

Unguja

Kisiwa cha Unguja kina ukumbusho mmoja wa umma unaojulikana duniani kwa watu walioteswa kwa sababu ya walivyozaliwa. Ni ule wa Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs aliwachonga watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zikiwa katika minyororo. Utumwa si mauaji ya kimbari kisheria, kwa kuwa mwenye mtumwa alimtaka hai ili afanye kazi. Lakini ulizima familia kwa njia yake, kwa kumtenga mtoto na mama yake sokoni. Kaskazini mwa kisiwa lipo shimo la Mangapwani, linalotembelewa na wageni. Mkokotoni penyewe palikuwa, katika miaka ya 1860, na shamba kubwa la miwa la Mwingereza, Kapteni H. A. Fraser, lililotumia mamia ya watumwa waliokodishwa na mabwana zao.

Yapo pia mauaji yasiyo na ukumbusho wowote. Siku ya uchaguzi wa 1 Juni 1961 zilizuka ghasia zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu, na mashambani waliuawa wenye maduka madogo pamoja na wake na watoto wao. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliung'oa utawala wa kisultani, na husherehekewa kila mwaka kama mwanzo wa uhuru wa wengi waliokuwa wamenyimwa ardhi na heshima. Katika siku na wiki zilizofuata Waarabu wengi wa Unguja waliuawa, na familia nyingi zikakimbilia Oman na nchi za Ghuba. Makadirio ya waliouawa huanzia elfu chache hadi zaidi ya elfu kumi. Filamu ya Kiitaliano Africa Addio ya mwaka 1966 ina picha za miili na makaburi zilizopigwa kutoka angani. Wanahistoria hawajakubaliana kama yale yaitwe mauaji ya kimbari. Wengine wanaona nia ya kuliangamiza kundi, wengine wanaona kisasi cha kisiasa na cha tabaka kilichovaa sura ya mbari. Mabishano hayo yana nafasi yake, lakini hayabadilishi hali ya mtoto aliyekufa, na sherehe ya Januari haipungui kitu kwa kutajwa waliouawa pasipo hatia.

Kwa sasa kumbukumbu hiyo iko kwa wafiwa tu, katika visomo vya nyumbani, Unguja na Maskati. Kwa nyumba zilizozimika haiko popote. Sehemu moja ya lazima, orodha, bado inaweza kuandaliwa. Ghasia za 1961 zilichunguzwa na tume iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton, ambayo ripoti yake ilichapishwa. Nyaraka za Taifa za Zanzibar huko Kilimani zina majalada ya utawala wa wakati ule. Na waliokuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1964 ni wazee wa miaka sabini na kitu, ambao wengi bado wanakumbuka nani aliishi nyumba ipi na alikuwa na watoto wangapi.